Kona ya Nyuma, Kushoto

Laki nane na nusu, alisema Semkiwa
bila kuniangalia, anapangusa mdomo wa kompresa
kwa shati ambalo zamani lilikuwa la mtu.
Laki nane na nusu, siku mbili, dhamana miaka mitatu,
na hiyo bodi yako utaimwagia kokoto za Pongwe
kama unamwaga mchele kwenye ungo.

Nikasema nitarudi.
Gofu nzima inajua maana ya nitarudi.

Barabara ya Nane kopo ni elfu sabini.
Nikachukua mawili, rola, brashi ya inchi mbili,
msasa, thina iliyotiwa kwenye chupa ya maji.
Muuzaji akanisomea ubavu wa kopo
kama anafungisha ndoa:
paoshwe, pakwanguliwe, pakauke.
Nikaitikia kila neno.
Mke wangu alipoiona risiti alisema tu,
rahisi huvunja upishi,
akaingia ndani kunitafutia nguo za kuchafua.

Jumamosi, uani, Makorora.
Kidawa kashika mpira wa maji, mimi brashi ya waya.
Pikapu imemzidi umri, na mbavu za bodi
zimeliwa na magunia ya chumvi.
Kutu ilidondoka kama majani ya chai.
Tulikwangua mpaka chuma kikaonyesha meno.

Tukafika kona ya nyuma, kushoto, karibu na komeo.
Pale pana mistari.
Minne, na wa tano umeilalia.
Minne, na wa tano umeilalia.
Mbaruku, kaka yangu, aliichora kwa msumari
mwaka ule tuliobeba chokaa Amboni,
bosi ana kalamu yake, sisi tuna msumari wetu.
Safari mia na kumi na mbili.
Kalamu ilisema tisini na nne.
Mbaruku akamwita bosi aje aisome bodi.
Hakuja.
Tukalipwa tisini na nne,
na Mbaruku hakuumaliza mwaka.

Kidawa akainua msasa.
Nikamwambia hapo pameshatakata.
Akanitazama. Anasoma kemia huyu,
anajua chuma kilichotakata kinafananaje.
Akahamia upande wa pili.

Rangi ilikuwa nzito, nyeusi, yenye chenga,
nyumba ikanuka wiki nzima, hata wali.
Ilipokauka ilipendeza, ukiwa mbali.
Majirani niliwatajia gharama, jasho sikulihesabu.
Sikuwatajia ile kona,
nilivyoipitishia brashi mara moja tu
kama mtu anayemfunika mtoto shuka
asimwamshe.

Masika ikaja, pakavimba.
Mwanzo kama chunjua, baadaye kama andazi.
Siku moja mfuko wa simenti ukaburutwa, pakachanika:
chini yake maji yamekaa
kama wapangaji wasiodaiwa kodi.

Semkiwa alibonyeza kwa dole gumba.
Kwingine umejitahidi, akasema.
Hapa hukukwangua.
Halikuwa swali.

Akaichuna rangi taratibu, kama ngozi ya kidonda,
akaona. Nikaona midomo yake inahesabu.
Mia na tatu, akasema.
Mia na kumi na mbili, nikamwambia.
Kutu imekula tisa.

Akanyamaza. Kompresa ikakohoa, ikazima.
Nakwangua yote upya, akasema, napuliza kote,
bei ile ile.
Kote, isipokuwa hapo.
Hapo pasipopulizwa patatoboka.
Najua.
Na patakapotoboka usinijie na dhamana.
Basi andika, nikasema. Andika isipokuwa hapo.

Akafungua daftari, akatafuta kalamu
mfukoni, kisha nyuma ya sikio.
Nikasimama begani kwake
nikasoma kila neno alivyokuwa akiliandika.