Sifuri

Bogumiła hupika takwimu, ila si kwa maana mbaya:
hazitii chumvi. Huzichambua tu, kama mchele,
ghorofa ya nne, katika kiwanda kikuukuu cha nguo, Łódź,
ambamo siku hizi hakifumwi kitu isipokuwa mistari.

Kila swali ambalo nchi imeliuliza kwa vidole
humfikia likiwa halina mwenyewe:
halina jina, halina jiko, halina mikono yenye unga.
Lina tarehe, lina saa,
na namba moja kati ya sifuri na mia.

Mwaka ameukunja ukawa duara.
Februari unachomoza mwiba: Alhamisi Nono,
donati, donati, siku moja tu,
kisha Kwaresima inafuta midomo.
Karibu na Pasaka, maganda ya vitunguu,
maana kuna mayai ya kupakwa rangi.
Juni ni kilima cha stroberi, kipana, kivivu kushuka.
Julai, matango: chumvi kiasi gani kwa lita?
Na mwaka unaofuata, chumvi kiasi gani kwa lita?
Kana kwamba taifa zima husahau
mara tu mtungi unapofungwa.

Septemba watu huuliza habari za uyoga mara mbili.
Asubuhi: namna ya kuukaanga kwa siagi.
Saa tano usiku: dalili za sumu.
Mistari miwili, inafuatana
kama mtu na kivuli chake.

Na Desemba ishirini na tatu, usiku umekwenda,
kilele cha vilele vyote:
jinsi ya kumuua karpi bila kumtesa.
Bogumiła anawaona, maelfu kwa maelfu,
wameketi ukingoni mwa beseni la kuogea,
simu mkono huu, nyundo mkono ule,
samaki anawatazama.
Hilo hakulichora.
Angelipaka rangi gani?

Bosi wake, Ireneusz, anapita na kikombe cha kahawa.
"Safi sana. Bei ya matango
tuipandishe wiki ya ishirini na saba."

Jioni, viti vitupu, hita inakoroma,
anaandika neno ambalo hajaagizwa: szarucha.
Supu ya mama yake, ya kijivu, ya kila Jumatatu:
maji yaliyochemshia viazi,
siki, pea moja kavu,
na kitu kingine. Jani? Mbegu?
Hakuwahi kuuliza.
Mama alikuwepo, ya nini kuuliza?

Mstari unajitokeza, bapa kama meza iliyofutwa,
Januari hadi Januari.
Sifuri. Sifuri. Sifuri.

Lakini ni yeye aliyeandika ile tanbihi
chini ya kila mchoro, kwa herufi
ambazo Ireneusz hazisomi:
*sifuri haina maana kwamba hakuna aliyeuliza;
maana yake, waliouliza ni wachache mno.*

Anajihesabu: mmoja.
Anaandika tena neno lilelile,
polepole, herufi kwa herufi,
kama anayegonga ukuta
akisikiliza kama kuna chumba cha pili.
Labda yupo mtu Radom, au mbali zaidi,
kasimama na pea mkononi, naye hakumbuki.
Wakiwa wawili, bado ni sifuri.

Anazima taa.
Viazi atanunua njiani. Siki anayo.