Iliyobebwa Sana

Havre, Montana. Februari.
Ukumbi wa mnada wa ng'ombe, leo hauna ng'ombe,
ila harufu yao imegoma kuondoka.
Meza arobaini, blanketi la kijivu juu ya kila meza,
na juu ya blanketi, chuma.

Nimekuja na soksi ya sufu yenye dola mia nne na ishirini,
na tochi ndogo ya daktari wa mifugo
niliyemshikia ndama miaka ishirini na sita,
na kipande cha karatasi nyeupe.
Kila Alhamisi usiku tunalenga shabaha nyuma ya duka la matrekta,
wanawake saba,
na mimi ndiye mwenye kuazima.
Nguo ya kuazima haisitiri. Bastola ya kuazima
hukumbuka mkono wa mwenyewe.

Kijana mwenye ndevu zilizochanwa ananiita mama,
ananisogezea kitu chepesi, cha waridi, cha kukaa mkobani.
Mkobani mwangu, namwambia, mna koleo na mkasi wa kwato.
Tena hivi vyepesi navijua:
risasi inakwenda mbele, teke linarudi kwako.

Meza ya pili ni sanduku la mahameli,
nambari zote zinalingana, haijawahi kunusa baruti.
"Hii si ya kupiga," anasema mwenyewe. "Ni ya kuwa nayo."
Nina sahani za harusi za namna hiyo.
Hazijaonja supu.

Ya tatu inang'aa kupita umri wake.
Herufi za kiwandani zimefutika kama jina kwenye sabuni,
vichwa vya skrubu vimetafunwa:
mtu aliingia humo na bisibisi ya jikoni
na hasira.

Kibaya kilikuwa kimejitembeza asubuhi nzima.
Verlin Tostrud yeye hakuita mtu.
Alikaa na chupa yake ya kahawa, na mbele yake moja tu,
mtutu wa inchi sita,
rangi imekwanguka mdomoni na kwenye kingo za silinda,
pale ngozi ya ala ilipoisugua.

Niliomba ruhusa. Akaifungua yeye, akanionyesha: tupu.
Nikapokea, nikahesabu tena kwa kidole cha mwisho,
tundu kwa tundu.
Karatasi nyeupe nyuma, tochi mbele:
mifuo inajipinda, safi,
kama maji yakitafuta shimo la sinki.
Nikaifunga taratibu, kwa viganja viwili.
Wanaoifunga kwa kuitupa mkono, kama kwenye sinema,
ndio wanaoipinda.
Nikainyanyua dirishani: kati ya silinda na mtutu
mwanga mwembamba, unene wa karatasi ya Biblia.

Kisha dole gumba, nyundo nyuma, pole pole, nikisikiliza.
Ka.
Ka.
Ka.
…ka.
Nikarudia mzunguko mzima. Palepale.

"Tundu la nne," nikasema.
"Tangu mwaka wa sabini na tisa," akasema.
"Nilitaka kuona kama utasikia."

Alilinda treni za ngano usiku, miaka thelathini na mmoja.
Ilibebwa sana, ikapigwa kidogo:
mara moja kwa mwaka, kwenye mtihani wa kampuni.
Mbona unaiuza?
Akauinua mkono wa kulia juu ya blanketi.
Mkono ukajibu.

Alitaka mia nne na hamsini.
Aliitazama ile soksi muda mrefu.
Akachukua mia nne, akanirudishia ishirini:
"Ya fundi."
Risiti aliandika kwa kushoto, herufi kubwakubwa,
na nambari ya chuma akaitaja bila kuitazama.

Fundi alitaka zaidi ya ishirini.
Sasa matundu sita yanalia sawa,
na pointi zangu bado ni haba, Marlys ananicheka.
Huvuta pumzi, hupiga moja, mbili, tatu,
na kwenye ya nne
kidole changu, sijui kwa nini,
hungoja.