Zege Chini ya Blanketi

Oulu, Februari. Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Zege la msingi lilimwagwa jana,
leo limelala chini ya mablanketi,
nyaya za moto zimepita tumboni mwake,
maana zege changa likiganda halikomai:
hubaki na sura ya jiwe, ndani unga.

Veikko ndiye mlinzi wake wa usiku.
Kila saa anafunua pembe, anasoma kipimajoto,
anaandika kwa penseli, wino umeganda:
kumi na mbili. Kumi na moja na nusu. Kumi na mbili.

Hapa, wamemwambia, patakuwa na chumba cha hadubini,
sakafu isiyotikiswa hata na lori,
watu watazame moyo wa samaki
mdogo kuliko punje ya mtama
ukijifunza kupiga.
Pale, majokofu ya kondo la nyuma.
Alicheka: "Kondo! Sisi tulizoea kulitupa."

Hakuwaambia habari za Vieno,
wiki ya ishirini na nne, gramu mia sita na kumi,
siku tisa ndani ya sanduku la kioo,
na yeye nje, mikono mikubwa, hana la kufunua,
hana la kuandika. Kwa nini? aliuliza.
Daktari alitazama viatu vyake.
"Bado hatujui."

Saa kumi alfajiri. Kipimo: nane.
Veikko anavua koti,
analitandika penye pembe inayovuja joto,
anabaki na sweta, meno yakigongana.
"Komaa," analiambia zege.
"Usiku mrefu huu. Komaa."