Mizani ya Budadiri

Miezi saba nimemuuzia dalali usiku wangu.
Saa nane, Mbale yote imelala,
mimi na mita ya Yaka tunahesabiana pumzi:
uniti mbili nukta nne, na kazi haijaisha.
Kazi ya nani? Sijui.
Jina la mteja limefunikwa, na langu limefunikwa;
yeye anaitwa mradi, mimi naitwa rasilimali,
na katikati wameketi watatu, kila mmoja na kijiko chake,
hata sufuria ifikapo kwangu
nakwangua ukoko.

Nikipandisha bei dola moja
kuna kijana mahali fulani, njaa yake kama yangu,
anashusha yake mbili.
Simlaumu. Huenda ananitaja mimi hivyo hivyo.

Mwezi wa kumi umeme ulikatika siku tatu.
Nikapakata laptopu kama mgonjwa, nikapanda boda
hadi Budadiri, kwa mama mdogo Nandudu,
karani wa chama cha kahawa, penye jenereta.
Nilikwenda kuomba moto wa waya, si kuomba kazi.

Foleni ilifika barabarani.
Magunia, ndoo, beseni za kahawa mbivu,
na Nandudu na daftari lake, kalamu sikioni,
akijumlisha kwa midomo.
"Jana nilileta kilo arobaini na moja," akasema Bi Khainza.
"Hapa umeandika kumi na nne."
Nandudu akafunua, akafunika. Ukurasa ulikuwa umelowa mvua.
Hakuna aliyemwita mwenzake mwizi,
lakini neno lilikuwa pale, limekaa juu ya gunia.

Cha mvunguni, nami miezi saba
nilikuwa nakitafuta darini.

Sikutaja suluhisho. Niliuliza tu:
"Mama, ukikosea, nani hulipa?"
"Mimi. Kwenye mshahara."
Hapo nikavuta kigoda.

Wiki tano. Programu ndogo, haina urembo:
uzito ukiandikwa, ujumbe unaingia
kwenye simu ya vitufe ya mwenye gunia
kabla hajageuza mgongo.
Siku ya kwanza ilimpa Bi Khainza kilo mia nne na kumi.
Nukta ilikuwa imepotea. Foleni nzima ikacheka,
naye akadai alipwe zote.
Kwa dalali, kosa huja kama nyota moja
na akaunti iliyofungwa.
Hapa lilikuja kwa miguu, limevaa gambuti,
likasimama mlangoni: "Wewe mtoto wa Gidudu, rekebisha."
Nikarekebisha lingali limesimama.

Malipo: nusu kwa simu, nusu msimu ukiisha,
na mkungu wa matoke ambao hatukuuandika popote.
Si utajiri. Mwezi mzuri wa dalali ulizidi.
Ila mwezi mzuri ulikuwa mmoja.

Jana mwenye duka la dawa kule Sironko kanipigia:
"Nasikia wewe ndiye wa ujumbe wa kilo."
Hakuuliza nina nyota ngapi.
Aliuliza kama nitafika Alhamisi,
na kama nakula malewa.

Usiku huu dalali ameandika tena. Kazi ya haraka, bei ileile.
Sijamjibu. Sijamkatalia pia; kodi ya chumba ni tarehe tano.
Mita inasoma uniti kumi na moja.
Nainama, naangalia nukta kwanza.