Wino wa Zambarau

Maiti ya kwanza ilikuwa nyuma ya kiwanda cha sukari,
Liepaja, Februari, theluji magotini.
Mfukoni mwake kadi, na kwenye kadi nambari ya kesi
kwa wino wa zambarau, mwandiko wa mtu asiye na haraka.
Strods. Aligonga mtoto kwa gari, akaachiwa,
maana shahidi alisahau rangi ya taa.

Ya pili, Machi, ndani ya lifti iliyokwama.
Kadi vilevile.

Mji ukaanza kulala usingizi mnono.
Muuza mkate alikataa sarafu zangu:
"Mnamsakia nini, Inspekta Velga? Mwacheni amalize."
Akanifungia mkate mweusi bila kunitazama.
Nje ya kituo watu waliweka maua,
si ya wafu.

Sisi tulihesabu.
Kazi yetu si kukimbizana juu ya mapaa,
ni kuhesabu: majina mia mbili na kumi na mbili
ya waliolia mahakamani,
tiketi za tramu, soli za buti namba arubaini na tatu,
chai iliyopoa ikawekewa chai nyingine juu yake.
Ingus alipima wino maabara mara tatu.
Wino wa kawaida, wakasema. Unauzwa popote.

Ya tatu, Aprili, kwenye benchi karibu na gati la kaskazini,
barafu ikipasuka baharini kama mtu anayetafuna mifupa.
Pelecis.
Niligeuza kadi, nikaijua nambari kabla sijaisoma.
Kesi yangu hiyo. Mimi ndiye niliyeandika
*bila shaka yoyote*,
na hakimu alipomwachia nilimlaani hakimu
hadi kwenye ngazi za mahakama, kwa sauti.

Mama yake alikuja kutambua mwili.
Alipotoka aliyaona maua mlangoni,
akainama, akanusa moja,
akauliza: "Ya mwanangu haya?"
Ingus akafunga kamba za viatu vilivyokwisha kufungwa.
Mimi nikasema ndiyo.

Ni usiku huo nilipoiona nukta.
Kati ya nambari na mwaka sisi tunaweka mkwaju.
Yeye aliweka nukta mbili, moja juu ya nyingine,
desturi ya masijala kabla ya kompyuta.
Makarani wa zama hizo wamebaki watatu:
mmoja hospitalini, hamjui hata mkewe,
mmoja Ireland kwa binti yake.

Voldemars Kirsis alitufungulia akiwa na ndara na aproni.
Birika lilikuwa linaimba. Alilizima kwanza,
akafuta mikono, akainyosha mbele
kama anayepimishwa glavu.
"Miaka thelathini na mmoja nimepiga chapa hukumu," akasema.
"Nimesoma mafaili yote.
Lako la Pelecis ndilo lililoandikwa vizuri kuliko yote.
Niliamini kila neno."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Kwa maana iko barua, na Kirsis hakuipata kuisoma,
haikufika masijala.
Ilitoka gereza la Daugavpils, mwaka mmoja baada ya kesi:
mfungwa mwingine, alama ya kidole gumba,
yote yalilingana. Pelecis hakuwa amegusa kitu.
Niliisoma nimesimama, koti mwilini,
nikaiweka droo ya chini, chini ya tochi mbovu.
Nikasema kesho.
Kesho ina miguu mifupi, haikufika.

Wanaandika magazeti kwamba tumemkamata muuaji.
Muuza mkate sasa anapokea pesa yangu,
anaihesabu mara mbili.

Leo nimepanga vielelezo kwenye meza ndefu:
kadi tatu, chupa ya wino, buti, aproni.
Halafu nikafungua droo.
Kielelezo cha hamsini na nane: barua, kurasa mbili,
na mahali pa jina la aliyeificha nikaandika jina, herufi kubwa.

Ingus amesoma, akarudi mlangoni, karatasi mkononi.
"Velga, hapa umekosea. Umeandika jina lako."
Nikamwambia avute kiti,
achukue kalamu,
aanze na tarehe.