Siku Thelathini za Pingamizi

Tangazo wamelibandika ukutani, kando ya luku,
karatasi ndani ya nailoni:
Kiwanja namba 214, Kitalu C, Tabata Kimanga.
Waombaji: Siwena Mfaume na mwenzake.
Ombi: nyumba ya familia mbili.
Mwenye pingamizi alete kwa maandishi
ndani ya siku thelathini.

Afisa mipango miji, kijana mmoja Rwegoshora,
alituuliza pale manispaa bila kuinua kichwa:
"Nyinyi ni familia moja au mbili?"
Nikamtazama Bi Siwema.
Bi Siwema akatazama feni.
Kijana akatusaidia: "Majiko mangapi?"
Kumbe serikali haihesabu ndoa wala watoto,
inahesabu mafiga.

"Mawili," akasema Bi Siwema,
na karatasi ikaunywa wino.

Mzee Kihiyo wa nyumba ya kona hakukawia.
Kurasa mbili na nusu, mwandiko wa kulala:
kwamba mtaa huu ni wa watu wa familia moja moja,
kwamba masika shimo la choo litafurika,
kwamba magari yataegeshwa wapi,
sisi ambao gari letu ni toroli la kubebea ndoo.
Yeye ana wapangaji tisa uani,
na mmoja analala stoo pamoja na viazi.

Nilimsomea Bi Siwema nakala ile tukichagua mchele.
Nikacheka peke yangu.
Akatoa chuya, akatoa jiwe,
akasema: "Angalau yeye kaulizwa."

Ungo ukanielemea magotini.

Miaka kumi na tisa, hesabu hiyo sijawahi kuipiga.
Marehemu aliponileta hakujaza fomu.
Hakubandika kitu kando ya mlango,
wala hakuna aliyemwambia Siwema binti Mfaume
una siku thelathini, kalamu hii, andika.
Alisikia tu ndoo yangu ikitua uani alfajiri
na sauti ya mwanamke ikiuliza bomba hili linafunguliwaje.
Akatoka na kanga ya kulalia, akanionyesha:
kushoto kwanza, halafu kulia,
halafu ulipige kofi.

Fundi kasema ukuta wa kati utakuwa wa inchi tisa.
Milango miwili, luku mbili, matangi mawili.
Vyungu tumegawana, na mikeka, na picha za marehemu
(yeye kachukua ya ujana, mimi ya hospitali).
Mbuzi wa kukunia nazi yupo mmoja.
Yuko barazani, hajui atalala kwa nani.

Leo ndiyo siku ya thelathini.
Nimeamka nikamkuta amesimama mbele ya tangazo,
miwani puani, kalamu kaichomeka kwenye kilemba.
Nikarudi nyuma ya pazia.
Nikawa mgeni tena, na ndoo yangu.
Alisoma neno kwa neno, kama anayesoma risiti ya dukani
akijua kuna pahala kapunjwa.
Akachomoa kalamu.
Akaipenyeza mkono chini ya nailoni,
akaandika kitu kidogo, kidogo mno,
akaingia ndani.

Nilikwenda kutazama, moyo mkononi.
Ile *n* kaigeuza *m*.
Siwema.
"Na mwenzake" kaliacha lilivyo.

Kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu
aliyeliona pazia likitikisika,
akauliza kama sukari ipo.