Namba Sitini na Nne

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, Iowa City.
Theluji bado inajishauri kama ianguke.
Gari la Wendell linarudi kinyumenyume hadi mlangoni
na mifuko ya jezi inashuka, mizito,
inanuka jasho, nyasi, na dawa ya kuchua misuli.

Hatujafungua hata fundo la kwanza,
ubishi umeshafunguka.

Wendell na mrushaji wake, Hallobeck, kumi na mbili:
“Mliiona ile pasi ya Jumamosi? Yadi hamsini na tano!
Ilitua kifuani mwa mwenzake
kama barua iliyoandikwa anwani vizuri.
Mpeni shaba yake mapema, twende tukalale.”

Mapendano anachekea puani.
Yeye ni wa Tibbs, mkimbiaji, ishirini na mbili.
“Wako anatupa, halafu anasimama kutazama.
Wangu anaubeba mwenyewe, ameukumbatia
kama mtu anayetoka na mtoto ndani ya nyumba inayoungua.”
Kisha akanyamaza kidogo, akahesabu soksi.
Kwao ni Uvira. Hatukumuuliza.

Darlene, msimamizi, hana upande:
“Tuzo walishaitoa Agosti, kwenye televisheni.
Tangu hapo wanaitafutia sababu.”

Mimi miaka minne nafua,
uwanjani sijaingia; tiketi moja ni mshahara wa siku mbili.
Mpira wao naujua kwa madoa.

Ya Hallobeck: tone la maji ya machungwa kwenye ukosi,
kijani kidogo kiwikoni.
Kuna wiki ningeikunja tu nikairudisha,
na nani angejua?
Ya Tibbs: chokaa ya mistari magotini,
ubavu mmoja umekwaruzwa na nyasi.

Na hii hapa. Naitoa kwa mikono miwili.
Sitini na nne, Lundeby,
pana kama shuka la kitanda cha hospitali.
Shingo imechanika palepale nilipoishona wiki jana.
Udongo wa kifuani ni wa kusukuma,
wa mgongoni ni wa kulaliwa.
Mabegani, vidole vya watu wengine, vyote kumi.
Damu ni yake au ya mwenzake,
sabuni haiulizi.

“Huyu aligusa mpira mara ngapi?”
“Lundeby?” Wendell akakuna kidevu. “Hajawahi.
Kazi yake kusimama mbele ya Hallobeck.”
“Miaka yote minne?”
“Yote minne. Wa aina hiyo hawapewi, Mghoi.
Hawafikiriwi hata na mama zao.”

Nikasema kwetu tunasema: ukiona vyaelea, vimeundwa.
Wendell akataka tafsiri.
Mapendano, Tibbs wake bado mkononi, akamtafsiria hivi:
jezi ikirudi nyeupe,
iko nyingine iliyochafuka kwa niaba yake.
Mashine tatu zikaingia kwenye kukamua kwa pamoja,
kama jibu lilikuwepo, hatukulisikia.

Nikashika pasi, hii yangu ya moto,
ambayo hakuna anayeipimia yadi.

Desemba walitangaza.
Alishinda kijana wa jimbo jingine kabisa,
suti ya buluu, meno mazuri,
hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemtaja.
Wendell alizima redio, akasema kura zimeuzwa.
Darlene alisema, “Agosti.”
Mapendano alisema angalau mama yake alilia vizuri.

Mimi nilikuwa na shingo ya Lundeby mapajani.
Safari hii nilitumia uzi wa kushonea viatu,
nikaupitisha mara mbili, nikaukaza kwa meno.
Sikumwambia mtu. Yeye mwenyewe hanijui,
naye nimemwona mgongo tu, mara moja,
akiinama kuingia mlango wa duka la mboga.

Mechi ya mwisho ikapita. Jumatatu, mfuko ukafunguliwa.
Mshono wangu umeshika.
Kitambaa kimeachia pembeni yake.